Mimba ya Nje

Mama yangu hana tatizo la masikio. Anasikia vizuri mno, hasa yale ambayo hayakusemwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu majirani wanapenda kumtetea, eti bibi wa watu ni mzee, hakusikia sawasawa. Si kweli. Alisikia neno kwa neno, na msiba wetu ulianzia hapo hapo.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na cherehani yake hapo dirishani, akishona sare za shule. Tuligombana kutwa nzima. Yeye alilalamika kwamba nywele za wateja wangu zinaingia kwenye mishono yake. Mimi nilimwambia cherehani yake ina kelele mpaka wateja wangu wanashindwa kusengenyana kwa raha. Utani wa mawifi huo, haukuwa na sumu. Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kaka yangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Barafu, kwanza kwa kazi yake, pili kwa tabia yake. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza inaungua upande gani. Kila jambo kwake ni haraka haraka haina baraka, na mkewe alikuwa akimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Walicheka pamoja, hata baada ya miaka yote ile ya kukaa bila mtoto.

Mtoto walikaribia kumpata mwanzoni mwa ndoa. Wifi alikuwa amekwenda kumsalimia mama yake, mji mwingine, akazidiwa huko huko. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija badala ya kwenye kizazi. Wakampasua tumbo, kovu refu kama zipu ya koti, wakautoa mrija wote. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alizinduka akaambiwa ashukuru yu hai. Kaka alifika mkewe ameshashonwa, na nasikia alilia mbele za watu, yeye Barafu. Huku kwetu ililetwa habari fupi tu, kwamba mimba imeharibika. Mama akasema pole, akasubiri nyingine. Miaka ilivyozidi kwenda akachoka kusubiri, akaanza kusema, na mama akianza kusema hana breki.

"Lisemwalo lipo," ndiyo methali yake. "Na kama halipo, li njiani laja."

Asubuhi ya siku hiyo wifi alinyamazisha cherehani ghafla. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nimefika katikati. Nikamtania kwamba leo sindano imechoka kabla ya mshonaji.  Nilipogeuka nikamwona ameegemea dirisha, midomo imekuwa myeupe, mkono mmoja umeshika tumbo chini, upande wa kushoto.

"Wifi," akasema, "kuna kitu kinanichoma hapa kama pini."

Mteja wangu, Mungu ambariki, alijifunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa nusu, akatuambia twendeni. Mama akatoka ndani akavaa viatu. Nilimwambia abaki. Akasema mkwe ni wake na hospitali si ya baba yangu, kwa hiyo tukaenda wote watatu.

Hospitalini walimpima mkojo, wakampiga picha ya tumbo, kisha wakatuita ndani mimi na yeye. Mama alikuwa amejipatia nafasi kwenye benchi la ukumbini karibu na feni, hakutaka kuipoteza. Akasema atatusubiri hapo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, sauti imekauka kwa kuongea. Alichukua kalamu akachora. Kizazi, alisema, ukikitazama ni kama kichwa cha mbuzi, na mirija miwili ni pembe zake. Yai hupita kwenye pembe likaja kutunga ndani ya kichwa. Kwa wifi lilikuwa limekwama kwenye pembe.

"Na pembe nyingine ilishakatwa," akasema, akiikata kwa mstari.

"Basi mimi ni mbuzi wa pembe moja," wifi akasema.

Daktari alicheka kidogo, halafu akajizuia. Akavaa miwani.

"Nisikilize, mwanangu. Zamani tusingekuwa na mazungumzo haya. Nilipoanza kazi, mimba ikitunga nje ya kizazi tulikuwa tunapasua tumbo, tunatoa mrija, tunafunga. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi alitufikia amekwisha kuwa baridi, damu imejaa tumboni, nani wa kumuuliza? Siku hizi picha zinatuonyesha mapema. Ikiwa changa sana tunatoa dawa ya sindano, inanyauka yenyewe bila kisu. Yako imeipita hatua hiyo, nimeona moyo unapiga."

Wifi alishtuka kidogo. Nadhani hilo la moyo hakulitegemea. Hata mimi nilitamani daktari angelimeza.

"Unapiga?" aliuliza.

"Unapiga. Lakini pale ulipo hauwezi kukua, na ukiachwa utakuua wewe. Sasa, upasuaji wenyewe nao umebadilika. Natoboa matundu madogo matatu, kamera inapitia kitovuni, naona kila kitu kwenye skrini. Mwenye mrija mwingine mzima ninautoa ule ulioharibika, basi, wa pili unamtosha. Wewe huna wa pili. Kwa hiyo kwako nataka kujaribu kuupasua mrija kidogo tu, nitoe kilichomo, niuache ufunge wenyewe. Haujapasuka bado. Tukiwahi, nafasi ipo. Siahidi. Inawezekana nikaingia nikakuta damu haikatiki, nikalazimika kuutoa. Na kwa vyovyote siwezi kukuingiza bila wewe kukubali yote mawili."

Hapo ndipo wifi aliposema lile ambalo nimeligeuza kichwani tangu siku hiyo. Alisema anakubali, lakini kwanza anamtaka mume wake.

"Mwili ni wako," daktari akamwambia. "Sihitaji ruhusa ya mume."

"Najua, dokta. Sitaki ruhusa yake. Nataka aje anitazame machoni, aniambie hata mkiutoa yeye yupo. Mara ya kwanza nilizinduka peke yangu. Tuliapizana, likija tena hakuna atakayekuwa peke yake."

Daktari alishusha pumzi. Akasema chumba cha upasuaji kina mtu, kikiwa tupu atamwita, na huyo mume kama ana miguu aanze kuitumia. Karakana ya kaka haikuwa mbali. Nilipiga simu palepale, ikawa inatumika. Nikapiga tena, bado inatumika. Nikajisemea huyu naye leo kapata wateja.

Ilikuwa inatumika kwa sababu alikuwa anaongea na mama.

Haya niliyajua baadaye, lakini nayasema sasa ili yakae mahali pake. Sisi tukiwa kwa daktari, nesi mmoja alipita ukumbini amebeba trei, mwendo wa mbiombio kama manesi wote. Mama akamshika mkono.

"Binti, mkwe wangu ana nini?"

"Yule wa pini? Mimba ya nje, mama."

"Mimba ya nini?"

"Ya nje. Tunamsubiri mumewe tu." Akaenda zake.

Nesi hakukosea. Wodini ndivyo wanavyosema, wana kazi nyingi, maneno wanayakata. Mwenye presha anaitwa presha, mwenye mguu uliovunjika anaitwa mguu, na mimba iliyotunga nje ya kizazi wanaiita mimba ya nje. Lakini mwambie neno hilo mama mkwe aliyesubiri mjukuu miaka yote ile. Mwambie wakati mwezi uliopita mwanawe alikuwa mji mwingine anafunga chumba cha baridi kwenye kiwanda cha maziwa, karudi nyumbani mara moja tu, kalala, kaondoka. Mtoto wa nje tunamjua sote ni nani. Mimba yake itakuwa ipi?

Na mama hakupoteza muda. Alitoa simu hapo hapo kwenye benchi.

Chumba cha upasuaji kikawa tupu. Daktari akaja mwenyewe. Wifi alikuwa amelala kitandani, ameshavalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, akaniambia, "Mpigie tena." Simu sasa ilikuwa haipatikani kabisa. Akamwomba daktari amvumilie kidogo. Daktari akamwambia mrija hauna uvumilivu. Wifi akasema kidogo tu, dokta, anakuja, mume wangu ni mzito kuondoka lakini akiondoka anafika. Mgonjwa mwingine akaingizwa badala yake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," wifi akaniambia akijaribu kutabasamu, "na langu limeshaumia. Mfuate, wifi. Mwambie friji hazifi."

Nikatoka. Pale ukumbini nilimkuta mama amekunja uso, mkoba umebanwa mapajani. Nikamwambia namfuata kaka. Akasema, "Unamfuatia nini? Mwache na aibu yake." Sikuelewa, na sikuwa na nafasi ya kuelewa. Nilidhani ni yale yale ya kila siku, kwamba mkwe anaugua sana na hazai. Nilichukua pikipiki nikaenda.

Nilimkuta Barafu amekaa juu ya friji iliyolazwa chini, bisibisi mkononi. Mbele yake mashine imefunguliwa, na skrubu zote zimepangwa vizuri juu ya kitambaa. Hakuinua macho.

"Kakutuma?" akauliza.

"Simu yako iko wapi? Tunakutafuta! Mkeo anataka kupasuliwa, anakusubiri wewe."

"Amsubiri mwenye mimba."

Nilifikiri nimesikia vibaya. "Nani?"

"Mwenye mimba yake. Mimi nimeitwa kufanya nini? Kuiwekea sahihi aibu yangu? Mama kaniambia. Nesi mwenyewe kasema, mimba ya nje. Na mimi nilikuwa huko kiwandani, hesabu inajihesabu."

"Nje ya wapi, Barafu?"

"Nje ya ndoa! Kuna nje nyingine?"

"Nje ya kizazi!" nilipiga kelele mpaka mafundi wa jirani wakatoa vichwa. "Nje ya kizazi! Ipo kwenye mrija! Kama ile ya kwanza! Mimba ni yako, na mrija ni ule uliobaki, na mke wako kalala kule anakataa kupasuliwa mpaka uje umwambie unampenda, mpumbavu we!"

Halafu nikampiga kofi. Kaka yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Sikujuta na sijajuta. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasimama, akazikanyaga zile skrubu zote zikatawanyika. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, na njia nzima alimhimiza dereva aongeze mwendo.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mhudumu alikuwa anatandua shuka.

 Yule nesi wa trei akatuambia haraka haraka, huruma imemjaa usoni: mrija umepasuka, alipiga ukelele mmoja akapoteza rangi, wamemkimbiza ndani na daktari mwenyewe akisukuma kitanda. Akasema mlangoni bado alikuwa na fahamu kidogo. Alikuwa anauliza kama mumewe amefika.

Barafu alikaa chini sakafuni, palepale, mgongo ukutani. Mama akaja na mkoba wake. Alikuwa ameshaanza kusema jambo kuhusu watu wa nje na mambo ya nje. Nikamshika mabega nikamwambia, polepole, kama ninavyowaambia watoto wasitingishe kichwa nikiwasuka, nje hiyo ni nje ya wapi.

Nilimwona akielewa. Uso wake ulianza kushuka kutoka kwenye macho.

"Mimi nilisikia Kiswahili," akasema. "Sikusikia udaktari. Kanambia mimba ya nje. Wewe ungeelewa nini?"

"Ningeuliza, mama."

"Kanambia ya nje," akarudia, lakini sasa sauti imepotea, na mikono yake haikujua pa kushika. Nilitaka kumchukia na nikashindwa. Alikuwa mama yangu, na yeye ndiye aliyekuwa amemtamani yule mtoto kuliko mtu yeyote. Na moyo wa mtoto huyo ulikuwa ukipiga wakati bibi yake anamwita wa nje.

Daktari alitoka jua likiwa limeshahama upande wa pili wa ukumbi. Alivua kofia, nywele zimelowa jasho.

"Yu hai," alianza na hilo, Mungu amlipe. "Damu ilikuwa imejaa tumboni. Kamera haioni kitu ndani ya damu, matundu madogo hayakunifaa tena. Nimepasua kama zamani, nimepita kwenye kovu lake lile lile. Mrija nimeutoa."

"Wote?" Barafu aliuliza.

"Ulikuwa umechanika kama kitambaa. Hakukuwa na cha kuokoa."

"Ningewahi..."

Daktari alimtazama. Angeweza kumwambia uongo wa huruma, na nilimwona akiufikiria.

"Ungewahi ningejaribu," akasema. "Kizazi chake ni kizima. Kuna akina mama wanaopandikiziwa mimba maabara, ikaja ikakaa. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Leo kaa naye."

Akakaa naye. Usiseme kaka yangu hana mapenzi. Alimlisha kwa kijiko, alimfuta uso, alibeba beseni, aliwasalimia wagonjwa wote wa wodi hata wakamsifu, jamani mwanamume ndiye huyo. Wifi alimwachia mkono wake aushike. Wakati wa kutazama wagonjwa mama alisimama mlangoni na chupa ya supu, haingii, hatoki, na wifi akamwambia, "Karibu, mama," kwa adabu ile ile ya siku zote.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne, ameshaanza kukaa, ndipo alipouliza. Nilikuwa namchana nywele. Barafu alikuwa anamenya chungwa.

"Ulichelewa wapi?"

Nilimkazia kaka macho. Sijui nilitaka aseme nini. Angesema kazi, angesema simu iliisha chaji, na ingekuwa nusu kweli, na mimi ningenyamaza. Lakini Barafu hajui kudanganya, hana kasi hiyo. Aliweka chungwa chini akamwambia yote: simu ya mama, neno la nesi, hesabu ya kiwandani, bisibisi, mpaka kofi langu. Alilia akisema, na akamaliza akaomba msamaha, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wifi alianza kucheka. Kicheko kidogo, cha kweli, akajishika mshono kwa maumivu.

"Mimba ya nje," akasema. "Unajua hata mimi niliruka? Yule yule nesi alinipokea kutoka kwenye picha, akaniambia dada una mimba ya nje. Nikataka kumtukana. Nikamuuliza, nje ya wapi? Akanieleza. Akanishika na bega, maskini."

Kicheko kikaisha. Akamtazama kaka bila hasira, na ningependelea hasira.

"Mama simlaumu, hanijui. Nesi alisema la kazini kwake. Lakini wewe, mume wangu, ulikuwa na swali la maneno matatu tu. Hukuniuliza."

"Nisamehe," Barafu akasema.

"Nimekusamehe. Nilikuwa nakusubiri uniambie utabaki hata wakiutoa. Sasa wameutoa, na umebaki, nakuona. Ila wakati bado ninao hukuja."

 Mimi nilikuwa nimeshika kitana hewani kama mjinga, machozi yananitiririka. Wifi akaniambia niendelee, upande mmoja bado haujachanwa.

Siku ya kuruhusiwa, kaka alikuja na gari la kuazima, kalifagia, kaweka mito miwili nyuma ili asitikiswe. Mama alikuwa nyumbani anatandika kitanda kwa shuka mpya, na alikuwa ametukataza kumwambia mkwe kwamba ni mpya. Getini tukamkuta mama yake wifi, ametoka mji wake, amesimama kando ya teksi. Wifi alikuwa amempigia simu mwenyewe. Hakuna aliyejua.

Barafu alifungua mlango wa gari lake akausimamia. Wifi alitembea polepole, mkono tumboni, akafika mpaka mbele yake, akamgusa shavu, lile lile nililolipiga. Kisha akageuka akaja kwangu. Alinukia sabuni ya hospitali. Alinikumbatia kwa uangalifu, kwa sababu ya mshono.

"Wifi," akaniambia, "nguo zangu ziko kwenu. Nitatuma mtu azichukue."

Tangu aolewe, nyumba yetu alikuwa akiiita kwetu. Alikuwa akisema twende kwetu, kwetu kumekatika maji, kwetu leo kuna wageni. Kaka alilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliendelea kuushika ule mlango wazi mpaka teksi ilipokata kona.